Washenga wa Njia ya Mkato

Siku hizi nasikia watu wakisifu eti raha ya safari ni marafiki wapya wa njiani. Wasifu tu. Mimi niliwapata wawili, kati ya Rongo na Rodi Kopany, miaka michache baada ya bendera kupandishwa, na mpaka leo natembea nao kwenye mguu huu.

Nilitoka Migori kwa miguu, naenda Homa Bay kuandikwa kazi kwenye kiwanda cha pamba. Mjomba wangu alikuwa askari wa lango pale. Alinitumia neno: "Jumatatu asubuhi, kabla ya king'ora. Kikishalia, hata mimi sikujui."

Jumapili, nikishapita Rongo, akanifikia mtu na baiskeli, muuza chumvi. Mbele kidogo tukampata Mkuria mmoja kutoka mpakani, na mzigo wake wa tumbaku. Kijaluo hajui, kwa hiyo tukaongea Kiswahili, kila mtu akikivunja anavyoweza. Majina yao siandiki. Muuza Chumvi na Muuza Tumbaku, wakisoma watajijua.

Nakubali, utamu ulikuwepo. Tuligawana viazi vitamu. Muuza Tumbaku akasema aliwahi kulala juu ya mti, fisi wakimngoja chini. Muuza Chumvi akasema yeye fisi walimsukumia baiskeli mlimani. Nilicheka kama mjinga, kwa sababu nilikuwa mjinga.

Pale Rodi jua lilikuwa bado lipo, na barabara ya Homa Bay iko wazi mbele yetu.

"Omera, ndugu yangu, barabara ni ya wageni," akasema Muuza Chumvi. "Mimi najua njia ya mkato."

Hiyo njia ya mkato ikatutoa nyuma ya boma moja, mbele ya mama aliyekuwa anaanua mtama. Muuza Chumvi akatupa baiskeli, akaruka kichakani kama mtu ameona chui.

"Mama mkwe!" akanong'ona. "Binti yake nilimtorosha. Hata ng'ombe mmoja sijaleta."

Mama alikuwa ameshaitambua baiskeli. Sasa kwetu Wajaluo, mkwe hajitokezi mikono mitupu, anatuma mshenga kwanza, tunamwita jagam. Mama akatutazama sisi wawili na vumbi letu, akapiga kigelegele. "Washenga wamefika!"

Nikasema sisi ni wapita njia tu. Mzee wa boma akacheka. "Mshenga mzuri huanza hivyo hivyo."

Kuku akakamatwa. Tulipokwisha kula nikaaga. Mzee akanuna. Aliyekuja kwa neno la ng'ombe haondoki kabla ya mbuzi wa asubuhi. Nikiondoka, nimemtukana, na binti yake atarudishwa nyumbani. Nikaenda kichakani kama mtu anayeenda haja.

"Omera, mimi kesho nina kazi."

"Kazi ziko nyingi. Mke wangu ni mmoja, na ana mimba. Kaa, ndugu yangu, ule mbuzi."

"Na wewe?"

"Niletee mguu."

Niliporudi, Muuza Tumbaku, mtu asiyejua hata huyo bibi harusi anafananaje, alikuwa anawaahidi ng'ombe wa Kikuria, dume baada ya dume, mdomo umejaa ugali uliobaki.

Mbuzi aliiva jua likiwa utosini. Nilikimbia mpaka Homa Bay. Lango limefungwa. Mjomba akanitazama kupitia waya. "Wewe nani?" Hakuwa anatania. Huyo naye namweka kwenye hesabu yangu.

Nikarudi Migori, nikaingia mashimo ya dhahabu ya Osiri, maana shimo halina askari wala king'ora. Shimo likatuangukia. Wenzangu walibaki humo. Mimi nilivutwa nje, mguu ukanifuata umepinda.

Miaka ikapita. Sokoni Kendu Bay nikasikia mtu anaita, "Jagam!" Muuza Chumvi, ana tumbo, ana duka. Akanikumbatia mbele ya wateja, akawasimulia safari yote, fisi, baiskeli, kichaka, mpaka watu wakashika mbavu. Mkewe akaniletea chai kwa mikono miwili. Watoto wakaambiwa, "Msalimuni baba yenu mdogo, bila yeye msingekuwepo."

"Safari tamu ile, au siyo?" akasema. Kisha akaona ninavyokaa. "Mguu ulifanya nini?"

"Mbuzi wa mkweo," nikamwambia.

Akacheka mpaka machozi, akawageukia wateja wake wacheke naye.