Wanataka Niandike Kwamba Hakuwahi Kumnyanyulia Mkono

Admin, ficha jina langu na ufiche na chuo, kwa sababu watu ninaowasema wamo humu humu, wanaandika "amina" chini ya kila picha mnayoweka. Nina miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa Kiswahili. Naishi Huruma kwa Anti, mdogo wa marehemu mama yangu. Alinichukua nikiwa darasa la nne na hajawahi kunisimanga hata siku moja.

Kusomea Kiswahili huku Eastlands ni balaa, wacha niwaambie. Siku za kawaida nikisema "naomba mnipishe" pale kwa ngazi, vijana wanacheka, "Niaje, mwalimu wa redio!" Lakini mtu akifa tu, mlango wangu unabishwa. Nimewaandikia wapangaji wa ploti hii wasifu wa marehemu mpaka nimechoka, na wote wanataka kitu kimoja: "Weka Kiswahili kigumu kigumu, watu wa nyumbani wajue Nairobi tunasoma." Mlevi anakuwa mpenda watu. Mama aliyegombana na kila jirani juu ya kamba ya kuanika nguo anakuwa nguzo ya jamii. Na mimi naandika, kwa sababu maiti hasomi na walio hai hawasikilizi, wanangoja chakula.

Sasa amekufa mume wa Anti. Nitamwita Anko. Anko alikuwa mtu wa kupiga, sipambi. Mwaka juzi aliubana mkono wa Anti kwa mlango, akausukuma kwa bega, na vidole vya mkono ule havikunjiki mpaka leo. Anti alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake iko pale pembeni, imefunikwa shuka. Hospitali alisema alianguka bafuni. Majirani wote walisikia zile kelele, na majirani wote wakasema alianguka bafuni.

Wiki hii kuna mkutano wa matanga hapa kwa nyumba kila jioni, na mwenyekiti ni kaka mkubwa wa Anko. Mzee huyo, jamani! Anavaa koti la suti kwa nyumba ya chumba kimoja, na anasema "kwa hayo machache" wakati chai ya watu imeshapoa. Kwao, siku ya mazishi mjane husimama kando ya jeneza na maneno yake husomwa mbele ya ukoo mzima. Mzee akaninyooshea kidole: "Wewe msomi, andika maneno ya mjane. Nekesa atasoma." Nekesa ni binti ya Anti, yuko kidato cha pili. "Mtoto akisoma, watu wanalia vizuri." Wanalia vizuri! Utadhani kilio kinapewa alama.

Nilimuuliza Anti anataka kusema nini. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Andika alikuwa mume wangu, tulizaa watoto, na amekufa. Hiyo yote ni ukweli." Nikaandika hivyo hivyo. Mhadhiri wetu wa uandishi, anayetusomea noti zake za tangu zamani bila kuinua kichwa, apewe mwaka mzima hawezi kutoa sentensi kama hiyo.

Mwenyekiti aliisoma akakunja uso. "Mjane gani anaongea kama askari anaandika ripoti?" Akavuta kiti karibu. "Kuna maneno yanazunguka huko nyumbani juu ya ndugu yangu. Bibi yake mwenyewe ndiye atayazima. Andika: hakuwahi kuninyanyulia mkono hata siku moja."

Anti akasema polepole, "Shemeji, hiyo usiniwekee."

Mzee hakumwangalia hata. "Mama Nekesa, ile shamba ni ya ukoo, na nyumba iko juu ya shamba. Mjane asiye na shukrani anarudi kwa wazazi wake. Na wako si walishakufa?"

Nyumba hiyo ilijengwa na cherehani ya Anti, na kila aliyekaa pale anajua. Wanaume wazima wakaangalia vikombe vyao. Nawadharau, Mungu anisamehe. Wanafungua mkutano kwa maombi, wanafunga kwa maombi, katikati wanamtisha mjane, halafu wanaomba waongezewe mkate.

Jana Anti akaniita. "Andika tu, mama. Ni maneno. Nataka watoto wangu wawe na pahali." Darasani tunafundishwa sentensi safi ni ile ambayo maneno yake yamepatana. Basi hii ya mzee imepatana, haina kosa hata moja, na ni uchafu mtupu.

Leo asubuhi nikamuuliza Nekesa kama ataweza kuyasoma hayo ya mkono. Huyu ndiye aliyeufunga mkono wa mamake na taulo siku ile tukienda hospitali. Akaniambia, "Wewe ukiandika, dada, nitasoma. Bora Mum asiniangalie."

Karatasi inatakiwa kesho asubuhi, ipelekwe Makadara ikachapishwe, kisha tusafiri na mwili. Nikikataa, mzee ataandika mwenyewe na Anti atafukuzwa juu ya kiburi changu. Nikikubali, watoto wanapata nyumba, na Nekesa anasimama mbele ya ukoo kumsafisha mtu aliyemvunja mamake. Na msiniambie nimwachie Mungu, wale wazee pia wanasema hivyo.

Nauliza nyinyi mliozika waume kama huyu, na watoto wenu wakisikiliza. Mlisema nini pale kando ya jeneza? Na mlipofika nyumbani, watoto waliwaangalia vipi? Nishaurini kabla ya kesho, nimpe huyu mtoto asome nini?