Kiti cha Bibi-Harusi Kilichofika Kilioni

Siku ya posho, yaani Jumamosi, mchana kweupe, watu waliokaa kilioni kule mtaa wa Ndosho waliona camionnette, gari dogo la mizigo, inaingia uani na kiti cha bibi-harusi.

Si kiti cha kawaida. Ni kile kikubwa cha dhahabu, mgongo mrefu, na taa ndogo zinazowaka na kuzima.

Nyuma yake yakashuka maputo meupe, maua ya plastiki na zulia jekundu.

Télesphore, ambaye ndiye aliyefiwa na mama, alisimama akatazama. Kisha akamuuliza dereva kwa upole:

"Ndugu yangu, hii yote ni ya mama yetu?"

Wakati huohuo, kwenye mtaa wa Katoyi, bibi-harusi na gauni lake jeupe alikuwa anatafutiwa pa kukaa chini ya vitambaa vya zambarau vya msiba. Spika zilikuwa zimekuja na flash yake ndani. Zikaanza kuimba nyimbo za kuaga marehemu.

Mwenye hema, viti na spika zote hizo alikuwa mtu mmoja. Papa Idrissa.

Mimi ni jirani yake, kwa hiyo nachosimulia hapa nimekiona, na kingine nimekisikia kwa wenyewe.

Papa Idrissa ni mtu wa watu. Baba yake alitoka Maniema na biashara ya vitambaa, yeye akaingia kwenye kukodisha vitu vya sherehe. Ukioa Ndosho, unakalia viti vyake. Ukifiwa, unakalia viti vyake vilevile.

Ana ugonjwa mmoja tu: vifaa.

Akisikia mfanyabiashara mwenzake ana ordinateur, yaani kompyuta, anataka na yeye. Akanunua. Shemeji yake Nuhu, mdogo wa mke wake, ndiye akawekwa hapo kuandikisha wateja.

Kisha akamnunulia mama Alima, mke wake, tablet ya kupokea maombi ya wateja wa simu.

Kisha akaleta mashine ya mlangoni ya kusoma vibandiko vya viti. Viti havikuwa na vibandiko. Alisema vitakuja.

Shida ni kwamba ordinateur ya Nuhu haikujua tablet ya Alima inasema nini. Tablet haikujua depo, kwenye ghala, kuna nini. Na mashine ya mlangoni ilikuwa inalia "piii" kila anapopita paka.

Turudi kwenye ile siku.

Simu zilipoanza kuita, Idrissa alitoka ndani macho mekundu. Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Nuhu, mbele ya wafanyakazi wote.

"Wewe ndiye uko kwa ordinateur. Nini umeandika humo?"

"Shemeki, harusi iko mu place yake. Angalia."

"Sitaki kuangalia. Umeniaibisha mbele ya mji mzima. Toka kwa kazi yangu."

Nuhu alizima ordinateur. Akachukua jaketi lake, akaondoka kwa mguu.

Mama Alima alikuwa mlangoni. Aliona yote. Ila kuanzia jioni ile, chai ya Idrissa ilikuja bila sukari.

Dawa aliyoifikiria Idrissa? Mnaijua. Kununua programu kubwa zaidi.

Siku chache baadaye alikuwa kwenye simu na muuzaji pale gari liliposimama mbele ya depo, akashuka dada mmoja mwenye hina iliyoanza kufifia mikononi. Idrissa akamtambua. Bibi-harusi wa Katoyi. Anaitwa Christa.

 Idrissa akakata simu, akaanza kuomba msamaha kabla ya salamu.

"Papa Idrissa, sikuja kugombana," Christa akasema. "Mudogo wangu wa kike atapelekewa mali ya ndoa hivi karibuni. Viti vyako njo visafi kupita vyote. Ila nataka kwanza kuona kama vitafika kwetu. Miye ni architecte."

Uso wa Idrissa ukang'aa. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya depo.

"Mungu amekuleta. Angalia huu ukuta, mvua imeula. Ungesema tuanzie wapi?"

Christa akautazama ule ukuta kwa heshima.

"Si architecte wa nyumba, papa. Wa kazi. Mutu akiwa na duka ao kampuni, naangalia kazi inapita wapi na vyombo gani vinaisaidia. Halafu tunapanga."

"Kwa hiyo ukuta…"

"Ukuta utafutiwe fundi."

Christa akaomba wafanyakazi waitwe wote. Akachukua viti vya plastiki, akavipanga uani: hiki ni ordinateur, hiki ni tablet, hiki ni depo, hiki ni gari. Kila mtu akae pake. Kiti cha Nuhu kikabaki kitupu, na mama Alima akakitazama kile kiti mpaka Idrissa akageuza uso.

Christa akachukua sahani moja ya sherehe.

"Hii sahani ni harusi yangu. Miye ni mteja. Mutanipitishia mpaka ifike kwa gari."

Akampa mama Alima. Mama Alima akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Miye naandika kwa tablet. Halafu nasubiri Nuhu aniulize."

"Asipouliza?"

"Inakaa."

Wafanyakazi wakacheka chini chini. Idrissa akacheka kwa sauti kabisa. Aliona ushahidi unakusanyika dhidi ya ukoo wa mke wake.

Christa akachukua sahani nyingine. Safari hii hakukaribia kiti chochote. Alitembea mpaka kwa Idrissa, aliyekuwa amesimama pembeni na mikono nyuma kama mkaguzi.

"Papa Idrissa, salama? Tuko na kilio. Kesho tunaomba ile hema kubwa."

Idrissa akaipokea sahani bila kufikiri. "Pole sana. Bila shida. Itakuja."



"Sasa, papa, iko wapi sahani?"

Akaangalia mikononi. Anayo.

"Inakwenda kwa nani?"

 Na pale pale, mbele ya watu wake, yakamrudia yote. Ijumaa, akitoka msikitini, alikutana na Télesphore njiani na machozi yake. Akamwahidi hema kubwa na viti. Kesho yake asubuhi akampigia dereva: "Ile hema kubwa, peleka Ndosho kwa kina Télesphore." Hakumwambia Nuhu. Hakumwambia Alima. Hema kubwa ilikuwa tayari imepakiwa pamoja na mapambo ya harusi. Dereva akaenda nayo kama alivyoambiwa. Waliobaki depo wakaona harusi bado inasubiri, wakapakia kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa vifaa vya kilio.

"Ni miye," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

Dereva aliangalia viatu vyake. Alijua tangu mwanzo, lakini nani angesema siku ile bosi anafokea mji?

Christa hakumcheka. Alikaa naye, wakapanga. Hakuna programu mpya. Maombi yote, ya simu, ya dukani, ya barabarani, yaingie mahali pamoja, kwenye ordinateur ileile. Tablet ihame kwa Alima, iende depo, ili anayepakia aone kilichoandikwa. Mashine ya mlangoni ipumzike mpaka viti vipate vibandiko. Hilo ni la mwaka kesho, baada ya kuona haya ya sasa yanatembea.

"Na weye, papa, hauna ruhusa tena ya kusema 'bila shida'. Useme: 'Niulize kwanza nyumbani.'"

"Na kwangu mwenyewe niombe ruhusa?"

"Hapo zaidi."

Jioni hiyo Idrissa alipanda motari, pikipiki ya abiria, mpaka Katoyi, anakokaa Nuhu. Alimkuta anamenya viazi. Wakasalimiana, Nuhu akaendelea kumenya, viazi viwili vikaisha.

"Nuhu, nilikufukuzia makosa yangu."

"Nilijua, shemeki."

"Basi ungesema."

"Ungesikia?"

Idrissa akavuta kigoda, akakaa, akachukua kisu. Akaanza kumsimulia habari za yule Christa, akili yake, sahani zake, na jinsi anavyojali harusi ya mdogo wake.

Nuhu akaacha kumenya.

"Mudogo gani? Christa hana mudogo wa kike. Ni kitindamimba kwao."

Ndipo ukweli ukatoka. Siku ile ya yenga, yaani Jumapili, Nuhu, mtu aliyefukuzwa jana yake, alikwenda kwa maharusi kuomba msamaha kwa jina la nyumba. Hakumtaja Idrissa. Alisema tu, "Kazi yetu ilipotea njia." Christa akamuuliza kazi yenu inapitaka wapi. Nuhu akamwambia: nenda ukaangalie mwenyewe, ila ukisema nimekutuma miye, hatakufungulia mlango.

Idrissa alimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama karanga.

Nuhu alirudi kazini. Chai ikarudi na sukari.

Nawe mwenye duka, saluni ao depo, unayesoma hapa huku unaangalia bei ya mashine mpya: kwanza fuata kazi yako kwa mguu, toka mteja anapoingia mpaka anapoondoka. Ukifika mahali inapokwama, mtazame vizuri aliyesimama pale na sahani mkononi.

Pengine ana sura yako.