Mwito Alioupuuza Marlys

Mji wetu hauna zimamoto wa mshahara. Nyumba ikishika moto au mtu akianguka, redio ndogo tunazoning'iniza kiunoni hulia, na kila mtu huacha alichokuwa akifanya akakimbilia kituoni. Mimi huuza misumari na mabomba dukani. Redio ikilia, mimi ndiye dereva wa gari la wagonjwa. Anayekaa nyuma na mgonjwa ni Marlys Tollefsrud, mwenye saluni.

Marlys ni mjane, mwanamke wa kicheko kikubwa. Amewahi kuzalisha ndani ya lori la nafaka huku baba wa mtoto akizimia pembeni. Hakuwahi kuukosa mwito. Wateja wake walizoea kuachwa na povu kichwani.

Sasa, alikuwepo Duane Aasgaard, fundi wa matrekta aliyestaafu. Ndugu yake aliposhikwa na shambulio la moyo, Marlys alimbonyeza kifua mpaka mikono yake mwenyewe ikafa ganzi, na mtu hakuamka. Miezi kadhaa baadaye tulikuwa na mlo wetu wa chapati za maji wa kuchangisha pesa pale kituoni, mji mzima umejaa, Duane akasimama na sahani yake.

"Wangefika mapema, ndugu yangu angekuwa hapa anakula," alisema kwa sauti. "Lakini wapi! Lazima kwanza wamalize kahawa yao."

"Duane, tulikuja mbio," Marlys alisema, mwiko mkononi.

"Mbio za kobe!"

Wawili watatu wakacheka. Marlys akageuza chapati iliyokuwa kikaangoni. Ulikuwa uongo mtupu, na uongo mtupu hauna dawa, maana unaanzia wapi kuujibu? Tangu siku ile, akimwona Duane mbele, alikuwa anavuka barabara.

Mwezi wa Novemba ukaja, Jumamosi ya kwanza ya kuwinda kulungu. Siku hiyo mjini hubaki wazee na mbwa. Mimi nilikuwa juu ya mti porini, bunduki mapajani, redio ilipolia: mwanamume ameanguka, maneno hayatoki vizuri. Wakataja nyumba. Nyumba ya Duane.

Nilishuka mbio, lakini gari langu lilikuwa mbali. Sikuwa na wasiwasi sana. Saluni ya Marlys iko mitaa miwili tu kutoka kwa Duane, na mkoba wa dawa hukaa nyuma ya gari lake. Nilijua atakuwa ameshafika.

Hakuwa ameenda. Yaliyotokea saluni alinieleza mwenyewe baadaye. Alikuwa na bibi Verna Klubben, kichwa kimejaa rola.

"Marlys, si wewe unayeitwa huko?" bibi aliuliza.

"Wapo wengine, bibi. Tulia nikufungue."

Akawa anazitoa rola moja moja, anazipanga kwenye trei. Moyoni alikuwa akisema: acha asubiri, aone kuchelewa kulivyo. Alijua vizuri kwamba wengine wako porini. Redio ikalia mara ya pili, sauti ya mwitaji imepanda, ndipo akaiacha trei. Akatoka mbio, bibi Verna akabaki na rola nusu ya kichwa.

Tulifika karibu pamoja, mimi na gari la wagonjwa nililolipitia kituoni, yeye na lake. Duane alikuwa sakafuni jikoni, mdomo umeenda upande. Mkewe, Ardis, alikuwa amempakata kichwa.

"Afadhali ni wewe," Ardis alisema alipomwona Marlys. "Mungu mkubwa, ni wewe."

Kiharusi. Marlys alikiona kabla hajapiga goti, akaita helikopta ya hospitali. Alifanya kila kitu vizuri. Nilimshangaa tu kwamba hakumtazama Ardis hata mara moja.

Duane alipona, kama kule ni kupona. Mkono wa kulia haukurudi, na maneno yakawa yanatoka moja moja kama maji ya bomba lenye kutu. Mji ukamsifu Marlys. Ardis alimletea bakuli la viazi na nyama ya kuoka, akamkumbatia mlangoni. Marlys alikuja nalo kituoni, akaliweka mezani.

"Kuleni nyie. Mimi hakishuki."

Hapo ndipo aliponiambia. Nikamwambia yale tunayoambiana: huenda isingebadili kitu, daktari mwenyewe hajui.

"Usinibembeleze," alisema. "Yule mtu alinisingizia, na mimi nikaenda nikaufanya uongo wake kuwa kweli."

Akavua redio, akampa mkuu wetu, Lowell. Lowell akamrudishia. "Ukae nyumbani ujionee huruma, halafu nani aende? Mimi na goti langu? Kama una deni, lipia kazini."

Lakini kazini hakukutosha. Jumapili moja baada ya ibada akaenda kwa Duane, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akasema yote, hata zile rola. Duane alimwangalia, kisha akageuzia uso dirishani. Ardis ndiye aliyesema.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Basi nenda. Sitaki kukupigia kelele mbele yake."

Krismasi, Marlys na Ardis hawakusalimiana kanisani. Marlys alikonda, kile kicheko sikukisikia majira yote ya baridi. Redio ikilia alikuwa wa kwanza, hata kwa paka aliyekwama.

Mwishoni mwa Februari tukaitwa tena kwa Duane. Alikuwa ameteleza bafuni. Nilimwuliza Marlys kama nimtafute mtu mwingine. Alikuwa ameshapanda.

Ardis alifungua mlango. Walitazamana. Marlys alisimama kizingitini, mkoba begani, theluji imejaa kwenye viatu, hathubutu kukanyaga ndani.

"Pita hivyo hivyo," Ardis alisema. "Nitapiga deki."

Duane hakuwa amevunjika popote. Tulimwinua, Marlys akamfunga vifungo vya shati kwa sababu mkono wake hauwezi, na Duane akamwacha amfunge mpaka cha juu kabisa.