Kikopo cha Kunguruma

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alifariki, na ndugu zake wakaswaga ng'ombe wote kabla matanga hayajaisha. Shule niliishia darasa la tatu. Anayetafuta maneno ya kuremba atafute kwa wengine. Mimi naandika nilivyotendewa na nilivyolipa.

Nilikwenda machimboni upande wa Geita, nikaponda mawe ya watu mpaka viganja vikawa kwato. Dhahabu sikuiona. Nilichotoka nacho ni gita lililopasuka tumbo, nililobadilishana na mchimbaji kwa buti zangu, nikatembea pekupeku hadi Ushirombo. Pale alikuwapo fundi redio, Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, akanipokea nimfagilie kibanda. Huyo ndiye aliyenifundisha kuchomea waya kwa risasi iliyoyeyushwa. Alikuwa akisema redio ikifa usiizike, uichinje ule nyama. Nikachinja nyingi.

Miaka ilipita, nikapata kazi ya kupiga besi katika bendi moja mjini Shinyanga. Kiongozi wake, ambaye ndiye aliyepiga gita, alikuwa amekaa Dar es Salaam, akarudi na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ukumbini. Safari moja spika ya gita ilichanika ndani ya lori. Jioni hiyo gita lilitoa sauti ya mkwaruzo, kama fahali aliyefungwa zizi la peke yake, na watu walicheza kuliko siku zote. Kiongozi akaniamuru niizibe spika kwa karatasi na gundi. Nikaiziba, na ule uhai ukafa.

Basi nikajiuliza: nitaichanaje sauti bila kuichana spika?

Nilichukua transista mbili za redio iliyokufa, nikazifunga ndani ya kopo la kahawa pamoja na betri na swichi ya kukanyaga kwa mguu. Waya mmoja unatoka kwenye gita, mwingine unakwenda kwenye amplifaya. Mwanzoni kilipiga miluzi tu. Siku moja kilinasa matangazo ya redio, tukasikia bei ya pamba katikati ya wimbo, na wenzangu wakacheka hadi wakakaa chini. Sikucheka. Niliendelea kubadilisha vipande mpaka siku nilipokanyaga swichi na gita likanguruma lenyewe, kwa sauti nzito isiyokatika haraka.

Kikopo kile kilikuwa na tabia. Chumba changu kilikuwa cha bati. Asubuhi kinanguruma, saa saba mchana kinakohoa kama mzee, kisha kinanyamaza. Nikafikiri ni betri. Siku moja nilikisogeza karibu na mtungi wa maji ili nipate nafasi ya sahani, na baada ya kula nikakikanyaga, kikaamka. Hapo nikajua kwamba transista zile ziliogopa joto kama maziwa. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ukumbi ulianza kujaa. Watu walikuja kutoka Kahama kusikia gita linalonguruma. Ndipo kiongozi akasimama kwenye kipaza sauti, mimi nikiwa nyuma yake na besi yangu, akasema sauti ile ameitafuta miaka mingi na sasa ameitengeneza. Watu wakampigia makofi. Nilimfuata uani, nikamsalimia shikamoo kama ilivyo adabu, nikamuuliza kwa nini amesema vile.

"Kijana, wewe umechomea waya tu," akanijibu. "Fundi akimaliza kujenga nyumba, nyumba inakuwa yake?"

Wenzangu wote walicheka. Asubuhi yake nikakuta nguo zangu nje ya geti, na kikopo kimebaki ndani.

Nasema wazi kwamba nilitaka kumvunja meno. Lakini meno yakivunjwa watu humhurumia mwenye meno. Nilitaka kitu kimoja tu: aseme kwa mdomo wake, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu, kwamba sauti ni yangu.

Nikarudi Ushirombo. Nilitengeneza kikopo kingine, kisha nikaongeza cha pili. Hiki kilitaka transfoma ndogo ya redio na dayodi mbili, na kilinisumbua kuliko cha kwanza. Kilipokubali, noti niliyopiga ilitoka na mwenzake juu, kama mtoto anayeimba pamoja na baba yake. Nikikanyaga vyote viwili, besi ililia kama zumari ndani ya radi. Fundi wangu aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akasema, "Hiki si cha kumuonyesha mwizi." Nikamwambia huyo mwizi ndiye nataka akione.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Bendi ile ilicheza ukumbini, jioni, penye ubaridi. Kikopo changu kilikuwa hakijawahi kuonana na jua mikononi mwake. Na sisi Wasukuma tuna desturi: mavuno yakiisha, vikundi viwili vya mbina, yaani ngoma, hucheza uwanja mmoja, mchana, kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi. Watu huhama wenyewe kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na atakayebaki na nyasi tupu mbele yake ameshindwa. Anayeitwa akakataa, ameshindwa pia. Nikaenda Didia kwa wajomba zangu, nikawaomba wazee wa mbina wamwite kiongozi yule kwa niaba yangu. Alikubali huku akicheka.

Siku ilipofika jua lilikuwa la kupasua mihogo. Tulipiga kwa betri za malori. Mimi na wapigaji niliowakusanya Ushirombo tulisimama upande wa mashariki. Vikopo vyangu nilivichimbia kwenye mchanga wenye maji, kando ya mtungi, juu nikaacha swichi tu. Nikatazama upande wa pili, sikuamini macho yangu. Kikopo kilikuwa juu ya kigoda, peke yake, juani, kimepakwa kitu cheusi. Baadaye mpiga ngoma wake alinieleza: kiongozi alikwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta watu, kama wafanyavyo manju wa ngoma, na mganga akamwambia kikopo kisifunikwe, kionane na jua tangu wimbo wa kwanza. Mimi nilitega mtego, yeye akalipia nauli ya kuufuata.

Alianza vizuri. Gita lilinguruma, watu wakamkimbilia, mbele yangu wakabaki wajomba na mbuzi. Sikuharakisha. Katikati ya wimbo wa pili likaanza kukohoa. Akagonga kikopo kwa kiatu. Likatoa pumzi kama mtu anayekata roho, kisha kimya. Nikakanyaga vikopo vyangu vyote viwili.

Uwanja mzima uligeuka. Waliinuka hata waliokuwa wamekaa kivulini. Vumbi lilipopungua mbele yake, alibaki akitikisa kikopo sikioni. Bibi mmoja mwenye kapu la viazi alisimama karibu naye, akamtazama juu hadi chini.

"Kama ulikizaa wewe," akasema, "mbona hakikujui?"

Kicheko cha siku ile nakisikia mpaka leo, na bado kinaninenepesha.

Alinijia kabla watu hawajatawanyika, miwani mkononi. Hakuuliza habari ya transista. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, nimekwenda kwa mganga gani.

"Sema kwanza kikopo ni cha nani," nikamjibu. "Usiniambie mimi. Waambie wale."

 Kisha akaenda kwenye kipaza sauti changu, akasema kikopo kilitengenezwa na huyu kijana, na yeye alikichukua. Alisema haraka, akameza maneno. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Halafu akanikumbusha habari ya mganga. Nikamwambia ni mtungi. Akadhani ni fumbo, akaenda zake, na nasikia amekufa bado anautafuta mtungi huo. Watu wa kanisani wameniambia mara nyingi kwamba aliyekiri husamehewa. Wamsamehe wao, nguo zilizotupwa nje ya geti hazikuwa zao.

Baada ya siku ile wapigaji wa Mwanza na Tabora walikuja kunitafuta kwa jina langu, na jina hilo ndilo lililonilisha.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Ushirombo, bati jipya. Nina duka la spika na amplifaya Katoro, sokoni. Nina mashine ya kukoboa mpunga, shamba la mpunga, na ng'ombe wengi kuliko waliochukuliwa kwa baba. Pikipiki mbili. Magita matatu, besi moja. Kisima cha pampu. Deni sina.