Saba kwa Bei ya Tano

Saa tatu asubuhi, Iguguno, wilayani Mkalama, mkoani Singida. Yunisi Kitundu anabonyeza kitufe, anaangalia maandishi yakianza kuporomoka kwenye kioo cha kompyuta, kisha anasimama na kuchukua jembe. Anatoka zake kwenda kupalilia alizeti nyuma ya nyumba. Atarudi baada ya saa mbili, akiomba Mungu umeme usikatike.

"Nimeshabandika," anasema, akicheka kwa hasira. "Sasa tulime."

Kwa Yunisi, mwenye umri wa miaka 29, kuandaa programu ni kupika. Ukibadilisha mstari mmoja tu, chungu kinarudi jikoni na kompyuta inaanza kuiandaa upya. Anatumia Linux, mfumo huria usiolipiwa, na juu yake anatengeneza programu ya kijikompyuta cha kufungwa kwenye mizani. Gunia likipimwa, mkulima anapata kilo zake palepale kwa ujumbe wa simu.

Kwa nini mizani? Muulize mkulima yeyote wa Mkalama aliyewahi kulazimishwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu halafu linalipwa kama la kawaida. Wanunuzi wataingia Mei. Programu isipokuwa tayari, watu watapigwa mwaka mwingine tena.

Ndiyo maana wanachama 63 wa kikundi chake cha wakulima walichanga shilingi 850,000 wamnunulie kompyuta ya mezani. Yunisi alikaa wiki nzima akichagua prosesa, ule ubongo wa mashine. Hakutaka jina kubwa. Alitaka viini vingi, kwa sababu, anasema, "kiini ni jiko. Ukiwa na majiko sita unapika vyungu sita kwa mpigo." Alitaka pia prosesa yenye uwezo wa kuonesha picha ndani yake, inayoelewana na Linux siku hiyohiyo, asihangaike kutafuta draiva, zile programu ndogo za kuwezesha vifaa, kwa bando la kuungaunga.

Akaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: i5, kizazi cha kumi, viini sita.

Karatasi akapewa mweka hazina wa kikundi, mzee Calist Mkumbo, aliyekuwa anakwenda Singida mjini. Jioni alirudi na boksi, uso umejaa furaha.

"Mwanangu, nimekupigania!" alimwambia. "Uliandika tano, mimi nimekupatia saba kwa bei ya tano!"

Yunisi aliwasha mashine, akaweka Linux, akaandika amri moja. Linux haina kawaida ya kumbembeleza mtu. Ikasema: i7, kizazi cha pili, viini vinne. Prosesa ya mwaka 2011, vizazi vinane nyuma ya aliyoiagiza, na nje boksi limebandikwa stika mpya inayong'aa!

"Nilizima mashine," anakumbuka. "Mzee alikuwa ananitazama, anasubiri nishukuru."

Alimwambia ukweli kesho yake, baada ya shikamoo. Siku hiyo Calist hakula mchana.

Wakarudi mjini wote wawili. Yunisi akieleza, muuzaji anamjibu Calist. Yunisi akiuliza, muuzaji anamtazama Calist.

"Mzee, mwambie binti yako i7 ni i7," alisema. "Aondoe hiyo Linux yake, aweke Windows, itakimbia." Na mali ikishatoka dukani, akaongeza, hairudi.

Ebo! Mtu anauziwa kikongwe kilichopakwa poda, halafu kosa ni la Linux? Na mwenye kuijua mashine nje ndani amesimama mbele ya kaunta, haonekani?

"Kwenye alizeti wanatuzidishia gunia, kwenye kompyuta wanatupunguzia," anasema Yunisi. "Tofauti iko wapi? Nilipotoka pale nililia. Si kwa ajili ya mashine. Nililia kwa kusemwa kama vile sipo."

Rafiki yake wa Dodoma ana mashine kama ile aliyoichagua. Alipompikia kazi ileile, iliiva kwa dakika 55 badala ya saa mbili.

Wapo waliomshauri aiuze hiyo saba kimyakimya kwa mtu wa Shelui. Akakataa katakata. "Naye apigwe? Hapana." Itabaki kwa katibu wa kikundi, aandikie barua.

Badala yake, amepika kitu kingine juu ya mashine hiyohiyo goigoi: flashi. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya dukani na kuiwasha, Linux inafunguka bila kugusa kilichomo, na kwa Kiswahili inataja prosesa, kizazi chake, mwaka wake na idadi ya viini. Calist anaivaa shingoni pamoja na ufunguo wa ghala la kikundi.

Wanachama wamekubali kuchanga tena, kila mmoja debe la alizeti ya akiba. Jumatatu wanakwenda mjini, duka jingine. Yunisi anataka mizani yake iwe imefungwa ghalani kabla gunia la kwanza halijashonwa.

Na safari hii nani ataongea na muuzaji?

"Huyu," anasema Calist, akimwonesha Yunisi kwa kidevu. "Wakiniuliza mimi, nitawaambia muulizeni fundi. Mimi nimekuja kubeba boksi."