Shangazi Hashindwi na Simu

Kila anapogombana na simu, shangazi huipangusa kwanza kwa upindo wa gauni, kama anayemfuta mtoto kamasi kabla ya kumgombeza. Leo wakwe wamejaa sebuleni wakingoja video ya harusi, na simu imekataa katakata kukiona kisanduku kilicho chini ya runinga, kinachotunza video zote za nyumba.

"Shangazi, tumwite fundi," mpwa wake akamsihi.

"Fundi wa nini, na mimi nipo?"

Akavaa miwani, akasoma jina la Wi-Fi herufi kwa herufi, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe! Unakula umeme wangu, halafu unashinda kwa jirani!"

Akairudisha kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Vigelegele vya harusi vikalipuka, naye akaongeza sauti mpaka mwisho, jirani naye asikie kwamba simu imerudi kwao.