Siku za Mwanvua

Nitamsifu Mwanvua kwa sababu ni haki yake, lakini msinitake nimsifu huku nikicheka. Alikuwa mke mwenzangu. Alitoka Muhuta akanikuta mimi, Chausiku, nina miaka kumi na miwili ya ndoa kwa Alimasi, fundi wa mitumbwi hapa Rumonge. Aliingia na sanduku moja na sauti ya kusikika mpaka ziwani. Ndagala tuliuza meza moja, samaki walewale, na wateja wakaenda kwake.

Mwaka wa sitini watu wa chama, waliodai uhuru, walisema ushuru wa soko wa Wabelgiji usilipwe. Mtu asitukane, asirushe jiwe. Askari akija, kaa chini akubebe. Siku askari walipokuja sokoni ilikuwa zamu yangu ya kupika, mimi niko nyumbani na sufuria. Mwanvua akaketi mchangani na wenzake sita, mikono mapajani, kimya. Mwanvua, kimya! Askari wanne walimbeba, maana mwili anao, wakamtia kasho, jela ndogo nyuma ya ofisi ya soko.

Mji mzima ukawa Mwanvua. Wazee waliozoea kuitikia salamu yangu kwa pua wakaja kuniuliza hali yake.

Kwetu mume hugawa siku: mbili kwangu, mbili kwake. Nikajua sasa zote ni zangu. Siku yake ilipofika nikachinja kuku, nikajifukiza udi. Alimasi akala, akanawa, akakunja mkeka wake.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Mwanvua. Leo iko siku yake."

Akalala nje, chini ya ukuta wa kasho, na kesho yake vilevile. Wasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda.

Siku ya saba nikafunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kwa kuwa sakafu ya kasho ina baridi. Nikaenda ofisini kwa miguu yangu, nikaketi mlangoni.

"Na mimi silipi ushuru," nikamwambia Roger, karani wa soko. "Nifungeni."

Roger akapekua karatasi zake.

"Mama, weye ulishalipiwa. Bwana yako alikuja mwanzo wa mwezi. Genda amahoro, enda kwa amani."

Sikuondoka. Askari wakaniinua, wakaniweka barabarani, na wanawake wa kasho wakitazama dirishani.

Nilimkuta Alimasi akichonga mtumbwi. Nikamuuliza kwa nini alinilipia mimi, Mwanvua hakumlipia.

"Mwanvua alinikataza," alisema. "Weye sikukuuliza. Nilijua utaogopa."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua.

Uhuru ulipokuja, Julai ya mwaka wa sitini na mbili, wanawake saba wa kasho walitangulizwa mbele ya watu. Nilisimama nyuma kabisa. Mwanvua akaja akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele, akasema kwa sauti yake ile: "Huyu mukubwa wangu alikuja kasho mwenyewe, hakubebwa sokoni kama sisi. Walimufukuza tu."

Watu wakanipigia vigelegele. Alimasi alinitazama kama mtu aliyeletewa mgeni. Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna mwingine ambaye angelisema.

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote. Hata heshima yangu nilipewa naye.